Mzee wa Barafu na Mshahara wa Mwanawe

Orest Hawryluk alikuwa na tabia ya kuota macho wazi, na bahati yake ni kwamba alipata kazi isiyomzuia. Aliendesha mashine ya kusawazisha barafu katika uwanja wa Korongo, timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Saskatoon. Kazi yenyewe ni kuzunguka. Unazunguka polepole, mashine inakwangua barafu iliyochimbwa na viatu vya chuma vya vijana, huku nyuma yako inamwaga maji ya moto, na maji yale yanaganda yakibaki laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Asubuhi, viti vyote vikiwa vitupu na nusu ya taa zimezimwa, Orest alizunguka na mawazo yake yakazunguka naye. Alimwona marehemu mkewe, Sonia, amekaa kule juu na koti lake la kijani, mikono ameificha kwenye mikono ya koti. Aliliona bwawa la shambani kwao, upande wa Wakaw, linavyoganda mwezi wa Novemba, na yeye na kaka zake wakikimbizana juu yake mpaka mama yao apige sufuria kuwaita kula. Na karibu kila asubuhi aliliona Kombe, lile la ubingwa wa ligi. Liliingia kwa lango lile lile la mashine, limebebwa juu na watu asiowaona sura, likapita juu ya barafu mbichi bila kuacha alama yoyote.

Kombe lenyewe Korongo hawakuwa wamewahi kulipata. Mjini kwetu watu wamezaliwa, wameoana, wamezikwa, Kombe likiwa kwa wengine. Kila Septemba tunasema safari hii ni yetu, na kila Aprili, tukishatolewa mashindanoni, tunatoa viti vya bustani nje na kujifanya hatukusema kitu. Orest hakujua kujifanya. Aliumia waziwazi, akanuna wiki nzima hata paka wa jirani akamkwepa, kisha akaanza kuota upya. Aliwahi kumwambia padri kwamba hataki kufa kabla hajaliona, na padri, naye mshabiki, akamjibu kwamba katika hilo asubiri zamu yake kwenye foleni.

Kilichompa ustahimilivu ni mwanawe wa pekee, Marko, aliyekuwa winga wa Korongo hao hao. Jambo hilo ni la nadra. Vijana wetu wanaofika ligi kuu huchukuliwa na miji ya mbali, na wazazi wao huwaona kwenye televisheni tu. Marko alicheza nyumbani tangu utotoni mpaka ndevu zikaanza kuwa na mvi. Alimwoa Janelle, msichana wa hapa hapa, akanunua nyumba ambayo Orest aliliona bomba lake la moshi akiwa anaosha vyombo jikoni. Asubuhi za baridi kali moshi ule ulipanda wima, mweupe, na mzee alijua wameamka.

Jumapili wote walikula kwake. Walikula pyrohy, zile za unga uliokunjwa na kujazwa viazi na jibini, ambazo Orest alijifunza kuzipika baada ya Sonia kufa, maana miaka yote alizila bila kuuliza zinatengenezwaje. Mjukuu wake, Lesia, alisimama juu ya kiti akibana kingo za unga kwa uma. Alimwita Gido, ndivyo Waukraine wa kwetu wanavyomwita babu, kama baba wanavyomwita Tato. Zile alizobana Lesia zilipasuka zote ndani ya maji, na hizo ndizo Orest alizokula kwanza, akisifu.

Sasa kuna suala la kikomo cha mishahara, na bila hilo habari ya Orest haieleweki. Asiyeijua hoki yetu hudhani timu tajiri ndiyo inayoshinda. Ingekuwa hivyo, mji wa wakulima wa ngano kama wetu ungeshaacha kupoteza muda. Lakini ligi ilipiga marufuku ubabe wa pesa: kila timu inapewa kikomo kimoja, na jumla ya mishahara ya wachezaji wake isikivuke. Kwa hiyo kila meneja ni kama msafiri aliyepewa begi moja lenye ukubwa ule ule wa wenzake. Ukijaza makoti mazito, utakosa pa kuweka viatu. Mchezaji anayelipwa kwa mabao aliyofunga zamani ni koti zito. Kijana wa mwaka wa kwanza, anayekimbia kama kichaa kwa mshahara mdogo, ni soksi, anaingia popote. Timu inayochukua Kombe ni ile iliyofungasha vizuri, na kufungasha vizuri mara nyingi ni kujua nani wa kumtoa, na lini, hata kama unampenda.

Hesabu hiyo kwetu anaijua kila mtu, mpaka akina mama wanaouza keki baada ya misa. Na hakuna aliyeipenda kama Orest. Kila siku saa nne asubuhi, akishamaliza barafu ya kwanza, alikwenda kwenye safu ya kahawa, yaani ile meza ndefu ya mkahawa wa ushirika ambapo wanaume waliostaafu, na wanaojifanya wamestaafu, hukaa na kuuendesha ulimwengu. Pale hakuna anayelipa kahawa yake mwenyewe. Wanarusha dadu kwenye kikombe cha ngozi, na aliyeshindwa huwalipia wote. Mwenzake wa karibu pale alikuwa Abe Friesen, mkulima wa zamani, Mmenoni, muumini wa dhehebu la watu wa amani, asiyetukana wala kulewa, lakini akikunyamazia unajiona umevuliwa shati.

Ilikuwa Oktoba ile, Korongo wakiwa wameanza vizuri kuliko kawaida, Orest alipotoa hotuba yake. Alisema vijana wapo, mbio zipo, kasoro ni langoni. Golikipa wetu alikuwa mtu mzuri mwenye nyonga mbovu. Dawa, alisema Orest, ni kutoa mkataba mmoja mzito na kumweka golikipa wa kweli mahali pake, basi, na mwezi wa Juni tutakuwa barabarani tunacheza.

"Mkataba wa nani?" Abe aliuliza.

"Wowote mzito. Hapo hakuna kuoneana haya."

"Hata wa Marko?"

Meza nzima ilimgeukia. Orest angeweza kucheka, au kuomba maziwa. Lakini alikuwa katikati ya sifa, na mtu akiwa katikati ya sifa hapendi kuonekana ana upendeleo. "Hata wa mwanangu," alisema. "Ningekuwa meneja, ningemtoa Marko kesho asubuhi."

Walimpigia makofi, wakasema huyo ndiye Korongo wa damu. Alirudi kazini amejaa furaha. Neno lenyewe, kama ilivyo desturi ya mji wetu, lilitembea toka meza hiyo hadi kinyozi, toka kinyozi hadi chumba cha kubadilishia nguo, na kabla ya wiki kwisha wachezaji wenzake walimtania Marko kwamba baba yake ameshamuuza. Marko naye alicheka, na Jumapili iliyofuata alimuuliza baba yake kama amepata bei nzuri.

Majira ya baridi yakaingia, na yalikuwa ya ajabu. Ukungu wa barafu ulitanda mtoni hata madaraja yakaonekana yanaanzia hewani na kuishia hewani. Korongo walishinda, wakashinda tena. Watu walisalimiana na wasiowajua. Orest akizunguka na mashine yake aliliona Kombe likija karibu zaidi kila siku, mpaka akaanza kuogopa kupepesa macho. Ndipo nyonga ya golikipa ilipokubali kushindwa. Mwezi wa Februari tulifungwa na timu ambazo hata majina yao tunayatamka kwa huruma.

Huko pwani ya mashariki kulikuwa na timu iliyokata tamaa, nayo ilikuwa na golikipa Mfini, Ilmari Vuorela, mtu mrefu mwenye uso wa usingizi, ambaye hakuna kilichompita. Walikuwa tayari kumwachia. Mwanzoni mwa Machi kuna siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Ikipita hiyo, kila timu inabaki na ilichonacho. Tatizo ni kwamba begi la Korongo lilikuwa limejaa hadi zipu inalia. Ili Mfini aingie, ilibidi atoke mtu mwenye mshahara kama wake. Wengine wazito walikuwa ndio wafungaji wetu, ukiwatoa umejichinja. Alibaki mmoja: winga aliyesaini mkataba mrefu enzi za mbio zake, na sasa miguu yake imechoka kabla ya mkataba wake. Kulikuwa na timu moja ya Florida iliyokuwa tayari kumbeba. Lakini mkataba wa Marko ulikuwa na kifungu kwamba hahamishwi popote bila ridhaa yake. Alikipigania kifungu hicho mwenyewe, wakati mama yake akiugua, ili asije akaondolewa nyumbani.

Kwenye safu ya kahawa hakuna aliyemkumbusha Orest maneno yake. Hilo ndilo lililomtesa. Walizungumzia theluji, bei ya dengu, meno ya bandia ya fulani. Walirusha dadu taratibu kama watu walio chumbani kwa mgonjwa. Orest aliwatazama mmoja mmoja na kujua kwamba kila kichwa pale kinapiga hesabu ile ile, na kwamba yeye ndiye aliyewafundisha.

Siku moja kabla ya mwisho wa mabadilishano, asubuhi, alikuwa kwenye barafu. Aliota, kama kawaida; Sonia alikuwa juu na koti lake. Halafu akamwona Marko amesimama kwenye kijilango cha wachezaji, amevaa nguo za mtaani, kofia mkononi. Kwanza alidhani naye ni sehemu ya ndoto. Alipotambua siyo, alifanya jambo ambalo mtu wa barafu halifanyi kamwe: alisimamisha mashine katikati ya uwanja bila kufunga maji.

Marko alikuja akitembea kwa uangalifu wa mtu asiyezoea kuwa juu ya barafu bila viatu vyake vya chuma. Alisema meneja, Bwana Tessier, amemwita jana. Hakumlazimisha, wala hakumtisha. Alimwonyesha hesabu, ambayo Marko aliijua tayari, akamwambia akikataa hakuna atakayemlaumu.

"Watanilaumu," Marko alisema. "Hawatasema, lakini watanilaumu."

"Janelle anasemaje?"

"Janelle anasema popote nitakapokuwa. Lesia hajui kitu." Alizungusha kofia mikononi. "Nimebakiza miaka mitatu kwenye mkataba, Tato. Nikienda, tunaenda wote, na nyumba tunauza. Nikikataa, nabaki hapa, nakaa benchi, na Jumapili tunakula kwako. Wewe unaijua hii hesabu kuliko mimi. Nibaki au niende?"

Orest alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, tena fupi. Lakini juu yake lilikaa lile jingine la Oktoba, la kujigamba, na meza nzima iliyompigia makofi. Na chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi, ambacho alijionea aibu nacho: hata wakati ule, mwanawe akiwa mbele yake anamtazama, pembeni mwa jicho lake Kombe lilikuwa likiingia langoni, linang'aa, karibu kabisa. Aliangalia chini. Maji ya moto yalikuwa yanatoka chini ya mashine, yamekwisha kula shimo, na rangi nyeupe iliyopakwa chini ya barafu ilikuwa inaanza kuchanganyika nayo kama maziwa.

"Barafu inaharibika," alisema.

Akaiondoa mashine. Alizunguka ukuta wa mbali, taratibu, kwa kuwa mashine ile haina mwendo mwingine, na njia nzima alikuwa anajipanga. Akifika atasimama tena, potelea mbali barafu, atamwambia abaki. Wakae benchi wote wawili, wanune wote wawili kila Aprili. Alikunja kona ya mwisho akiwa ameshajaza pumzi kifuani. Kijilango kilikuwa wazi na Marko hayupo.

Alimpigia simu, haikupokelewa. Adhuhuri redio ilitangaza kwamba Marko Hawryluk ameridhia, na kwamba Vuorela yuko njiani.

Kwenye uwanja wa ndege Lesia alikuwa amevaa koti la mvua la manjano, tayari kwa Florida. Alitaka kujua, kama huko ni joto siku zote, barafu ya baba wanaiweka wapi.

"Ndani, mpenzi," Orest alimwambia. "Wameifungia isitoroke."

"Na wewe nani atakubania kingo?"

Alimwambia atabana mwenyewe. Marko alimkumbatia kwa nguvu, akamgonga mgongoni kama wachezaji wanavyogongana baada ya bao, na wote wawili wakajitahidi kuzungumzia mizigo.

Jumapili ya kwanza Orest alichemsha maji, akayaangalia yakichemka, akayamwaga. Bomba la moshi la nyumba ile lilikaa kimya, kisha likaanza kutoa moshi wa watu wengine. Alikuwa na upweke, na hakuwa na wa kumlaumu, maana kila alipomtafuta wa kulaumiwa alijikuta mwenyewe. Kwenye safu ya kahawa walimfanyia wema uliokaribia kumuua: zamu yake ya dadu walimruka, na kahawa yake ikawa imelipwa. Jambo hilo kwetu hufanyiwa aliyefiwa. Siku ya tatu Orest alimpokonya Abe kikombe cha ngozi, akarusha dadu kwa hasira hadi moja ikaanguka chini ya jokofu la maandazi, akashindwa, akawalipia wote. Abe alimnyamazia, lakini safari hii ulikuwa ukimya wa kumsogezea mtu kiti.

Na Mfini alidaka. Alidaka kama mtu anayeokota matunda yake mwenyewe. Aprili viti vya bustani havikutoka nje. Mei, watu walifunga maduka mapema. Orest alitengeneza barafu nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na alipokuwa juu yake hakuota kitu. Ndoto zilikuwa zimehamia nje, mitaani, zinapiga honi. Juni, usiku mmoja usio na giza kamili kama ulivyo usiku wa kwetu mwezi huo, Korongo walilichukua Kombe. Watu walisimama juu ya madaraja wakilia. Magazeti yakaandika kwamba Kombe lilipatikana Machi, mezani kwa Tessier, kwa hesabu ya mtu mmoja aliyekubali kuondoka. Jina la Marko lilikuwa ukurasa wa ndani. Kwenye Kombe huandikwa majina ya waliokuwepo mwishoni.

Wiki iliyofuata wafanyakazi wa uwanja walipewa asubuhi yao ya kulishika Kombe. Barafu ilikuwa imeshayeyushwa, sakafu ni saruji tupu, na Kombe limewekwa kwenye meza yenye kitambaa. Wafagiaji, wauza tiketi na walinzi walipanga foleni. Sisi watu wa kawaida tunaruhusiwa kulishika, kulibusu, hata kumkalisha mtoto ndani yake. Mchezaji asiyewahi kulitwaa ndiye asiyeligusa, kamwe, hata likiwa limeachwa mbele yake. Wanaamini akiligusa kabla ya haki yake litamkimbia maisha yote. Orest alisimama wa mwisho. Zamu yake ilipofika, aliweka mikono mfukoni.

"Shika, Mzee Orest," Tessier alisema kwa upole. "Nusu yake imetoka nyumbani kwako."

Orest alisogea kando, akampigia simu mwanawe.

"Uko mbele yake?" Marko aliuliza.

"Niko mbele yake."

"Likoje?"

"Dogo kuliko nilivyodhani. Limebonyea kama sufuria ya bibi yako."

Marko alicheka. Nyuma yake ilisikika sauti ya Lesia na maji ya bwawa la kuogelea. "Umelinyanyua?"

"Sijaligusa."

"Mimi siruhusiwi, Tato. Linyanyue wewe. Lazima mmoja wetu alinyanyue."

Orest aligeuka, akalitazama lango la mashine.

"Ile siku kwenye barafu," Orest alisema. "Nilitaka kukwambia ubaki."

"Nilijua. Ndiyo maana sikungoja umalize mzunguko."

Orest alirudi mezani. Alilikumbatia Kombe kiunoni, akalinyanyua, na lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Alitembea nalo hadi katikati ya saruji tupu, akasimama pale akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia alirudishe.